Hausabai na Zamu ya Saa Nne

Jina lake kamili ni Hausabai Dagdu Khandagale, binti Limbaji, mjukuu wa Satwa. Satwa ndiye aliyepiga ngoma mtaa kwa mtaa mwaka wa kipindupindu, akiwaonya watu wachemshe maji, mpaka naye akaanguka na ngoma kifuani. Limbaji ndiye aliyesokota kamba iliyomtoa kisimani babu wa mume wangu. Babu alipotolewa akaogeshwa mara mbili: mara ya kwanza kuondoa tope, mara ya pili kuondoa kamba. Mama yake Hausabai, Gajra, alikuwa mkunga. Nusu ya kijiji chetu cha Karanjwadi ilianguka mikononi mwake kabla ya kuangukia mahali pengine popote, na mume wangu alikuwa mmoja wao.

Hao ni watu wa kamba. Wanasokota mkonge: kamba za ndoo, za ng'ombe, za vitanda, za kufungia maiti. Siku zile kamba yao ilishuka kisimani kila alfajiri, lakini wao wenyewe hawakukanyaga ukingo wa kisima. Walisimama pembeni na vyungu vyao mpaka mtu awamiminie. Nasema siku zile kama kwamba ni zamani za mababu. Mimi nilikuwa tayari mke wa mtu, na nilikuwa mmoja wa waliomimina.

Mimi ni wa nyumba ya Patil, wenye kijiji. Nilisoma mpaka darasa la nne, na ninachokumbuka nakikumbuka vizuri kuliko wenye shahada. Kwa hiyo naandika mimi, wasije wakaandika wengine wakaweka chumvi.

Limbaji hakujaliwa mtoto wa kiume, ndiyo maana Dagdu, mume wa Hausabai, alihamia kwa wakwe, jambo ambalo watu walimtania nalo mpaka akazeeka. Hausabai alivishwa shanga za mrehani shingoni akiwa na miaka saba. Ukishavaa shanga hizo umekuwa mtu wa Vithoba, mungu wetu: huli nyama, hunywi pombe, husemi uongo, na kila mwaka unakwenda hekaluni kwake Pandharpur kwa miguu. Dagdu hakuvaa. Alisema, "Nyumba moja mtakatifu mmoja anatosha. Mkiwa wawili, nani atakwenda kununua pombe ya wageni?"

Hausabai alikwenda kila mwaka. Kutoka kwetu ni siku nne, na njiani unakutana na vijiji vyote vya bara, maelfu kwa maelfu, na matoazi yao na ngoma zao. Watu wa Vithoba wakiwa njiani huitana "mama". Kila mtu ni mama. Mume wangu Sahebrao alikuwa na sharubu kama pembe za nyati, na watu wasiomjua walikuwa wakimwambia, "Mama, sogea kidogo tupite." Tena mkikutana mnainamiana, kila mmoja anagusa miguu ya mwenzake, bila kuuliza wewe ni mtoto wa nani. Nimemwona mume wangu akigusa miguu ya mfua nguo kwa furaha kabisa.

Lakini kwetu kuna jiwe la mpaka, pale barabara inapoingia kijijini. Tukirudi, tukishalipita jiwe lile, umama ulikwisha. Mwenye kijiji alirudi kuwa mwenye kijiji, na Hausabai alikwenda zake upande wa chini, nyuma ya miti ya mwarobaini. Hakuna aliyetangaza. Miguu yenyewe ilijua.

Ukaja ukame ule mkubwa. Sote, wakubwa kwa wadogo, tulivunja mawe barabarani tupate unga. Mume wangu akasimama mbele ya hekalu akaweka nadhiri kwa niaba ya kijiji: mvua ikirudi, kila mwaka mwezi wa mvua tutamwimbia Vithoba siku saba bila kukatiza hata dakika moja. Mvua ikarudi. Mwaka uliofuata tukafunga turubai mbele ya hekalu, tukaanza.

Mambo ya siku saba yana sheria zake, na hapa nisikilizwe vizuri. Katikati kuna zeze moja, refu, lenye kibuyu chini na mkanda wa kuvaa shingoni. Tangu siku ya kwanza mpaka ya saba, zeze lile haligusi ardhi, halitundikwi ukutani, haliwekwi kitandani. Linakaa shingoni mwa mtu, na mtu huyo anasimama na kuimba jina la Mungu. Hasemi neno jingine lolote mpaka zamu yake iishe. Anayekuja kupokea huinama kwanza akagusa miguu ya anayetoa. Kisha huvishwa zeze, na aliyetoa naye huinama akagusa miguu yake. Usipoinama hujapokea, umenyang'anya. Na aliyelishika mara moja, saa hiyo ni yake kila siku mpaka siku ya saba. Zeze likigusa ardhi, nadhiri imevunjika. Baada ya ukame ule, kila mtu alijua maana ya nadhiri kuvunjika.

Wakachaguliwa wanaume kumi na wawili, saa mbilimbili kila mmoja. Kutoka upande wa chini hakuchaguliwa mtu. Hausabai alisikilizia kwenye mwarobaini, umbali wa hatua ishirini, na midomo yake ilikuwa inacheza. Nyimbo zote alikuwa nazo.

Siku ya nne asubuhi kukavuma upepo wa mvua, nguzo moja ya turubai ikalegea. Mume wangu akasema, "Mwiteni mtu wa kamba kabla hatujafunikwa kama kuku." Dagdu alikuwa amelala bado kwa sababu zake, akaja Hausabai na bunda la kamba begani. Akaanza kufunga nguzo, ukingoni kabisa mwa banda.

Aliyekuwa na zeze wakati huo ni mzee Gyanoba, fundi cherehani. Mtu mwema, macho yake yamefunikwa na ukungu wa uzee, na jana yake alikuwa amekula mikate mitamu ya dengu minane. Nilihesabu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa napika. Zamu yake ilibaki nusu saa iishe. Tukaona jasho linamtoka. Sauti ikapanda, ikashuka. Miguu ikabanana. Akaanza kwenda upande upande kama kaa, akitafuta mtu, na wanaume wote walikuwa nje wameshikilia turubai. Akafika ukingoni, akaona mbele yake umbo lililoinama linafunga fundo.

"Mama, shika! Shika upesi, mama, nakufa!"

Alivunja hata sheria ya kutosema. Akamgusa miguu kwa kidole kimoja, akamvisha zeze shingoni, akachukua kopo la maji na kukimbia kuelekea mashamba ya mtama.

Wanawake tulicheka mpaka tukashika mbavu. Mke wa kinyozi akasema, "Jamani, miaka yote namngojea anishonee blauzi, sikujua kama huyu mzee ana mbio hizi!"

Kisha tukatazama ukingoni, kicheko kikatukauka. Hausabai alikuwa amesimama na zeze la kijiji shingoni. Alikuwa ameshaanza kuimba. Angefanya nini? Kuacha kimya ni kukatiza. Kulivua ni kuliweka chini. Akiliweka chini, mvua ikikosa mwaka huo au mwaka wowote mpaka Kiyama, itasemwa ni watu wa kamba walioivunja nadhiri, na upande wa chini wote ungefukuzwa. Yeye alijua hivyo, na sisi tulijua kwamba anajua. Uso wake ulikuwa wa majivu.

Saa nne ilipogonga akaja mwenye zamu iliyofuata. Alikuwa mume wangu.

Alikuja ameoga, kilemba kipya, akasimama kama aliyegonga ukuta. "Hii ni nini?"

"Ni tumbo la Gyanoba," akajibu mke wa kinyozi.

"Sikuulizi tumbo! Namuuliza huyu. Hausa, nani kakupa?"

Hausabai akaimba, "Vithoba, Vithoba." Mwenye zeze hasemi.

"Ninasema na wewe!"

"Vithoba, Vithoba."

"Patil, usimgombeze," akasema mmoja wa wazee. "Akikujibu ameharibu. Wewe inama upokee, yaishe."

"Niiname hapa? Mbele ya hekalu? Inama wewe."

"Zamu si yangu," mzee akasema haraka sana, akaenda kutazama nguzo.

Sahebrao akafikiri. Hakuwa mjinga, Mungu amrehemu. Akasema kwa sauti ya upole, "Sikiliza, Hausa. Wewe si fundi wa kamba? Kamba unayo begani. Tengeneza kitanzi hapo kwenye nguzo, utundike zeze juu, halitagusa ardhi. Mimi nitalichukua kutoka kwenye nguzo. Wewe nenda zako nyumbani, na kapu la mtama litakufuata."

Ilikuwa akili nzuri. Wengi wakatikisa vichwa kukubali. Hausabai akaitazama kamba yake, akamtazama yeye. Kisha akatikisa kichwa: hapana. Akarudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa nguzo, akaongeza sauti. Kamba ya baba yake ilikuwa imebeba kila kitu cha kijiji kile, lakini sheria inasema shingo, na nguzo haina shingo.

"Mvueni basi!" akasema mume wangu.

Hakuna aliyekwenda. Kumvua kulihitaji kumgusa. Nikamwona mama mkwe wangu anaficha mdomo kwa ncha ya sari. Mpaka leo sijui kama alikuwa anahuzunika.

Basi Hausabai akaendelea kusimama, na wenye zamu za mbele nao hawakujitokeza kuinama. Saa nne, saa tano, saa sita. Mvua ikaja ikapita, jua likachoma. Kitu ambacho sisi hatukukiona, yeye alikiona kwa jicho lake la kazi: mkanda wa zeze ulikuwa mkuukuu, umelika karibu na kibuyu, nyuzi mbili tu ndizo zilizoshika. Alinieleza baadaye sana. Kwa hiyo hakuuachia mkanda uzito hata kidogo. Alikiegemeza kibuyu nyongani, akakikumbatia kwa mkono wa kushoto kama mtoto, na wa kulia ukapiga uzi. Mkono ule wa kushoto ulikufa ganzi kabla ya adhuhuri. Hakuwa na wa kumwambia.

Midomo yake ilikauka ikapasuka. Desturi ilikuwa kuwamiminia watu wa kamba maji viganjani kutoka juu, lakini viganja vyake havikuwa na nafasi. Nikachukua lota, kikopo cha shaba cha kunywea maji cha nyumbani kwetu, nikaenda, nikamwekea mdomoni. Akanywa kati ya jina na jina, hakukatiza. Niliporudi mama mkwe akaniambia, "Nenda kaoge kabla hujagusa jiko." Nikaenda nikaoga. Sijivunii, lakini nilioga.

Saa kumi mzee Gyanoba akaletwa, amelegea kama nguo iliyokamuliwa, kijana wake amemshika kwapa. Alikuwa ameambiwa yote. Akasimama mbele ya Hausabai akatoa macho kumwona vizuri.

"Mama, ni wewe?" akasema. "Nisamehe. Nilikupa nusu saa, kumbe nimekupa siku nzima."

Akalala chini kifudifudi, fundi cherehani na kilemba chake, akaweka kipaji cha uso juu ya miguu yake. Akainuka, akavishwa. Hausabai akainama akagusa miguu yake, na alipotaka kusimama hakuweza, ikabidi ajivute mpaka kwenye mwarobaini.

Gyanoba aliimba muda wa kuchemsha chai, magoti yakamkataa. Mume wangu akajitokeza haraka, akainama mbele ya Gyanoba, akachukua zeze. Akawa amepona! Zeze amelipata, miguu ya Hausabai hajaigusa. Jioni alikula kwa furaha akaniambia, "Umeona? Haraka haraka haina baraka. Mtu ukitulia, Mungu mwenyewe anakutafutia mlango."

"Na kesho saa nne?" nikamuuliza.

"Kesho saa nne kuna nini?"

"Aliyeshika mara moja ana saa yake mpaka siku ya saba. Gyanoba akimaliza atampa nani? Na huyo naye atampa nani?"

Akaacha kutafuna.

Alianza kutafuta wa kubadilishana naye zamu. Alikwenda kwa seremala, kwa mwuza mafuta, kwa jirani yetu, kwa mdogo wake mwenyewe. Wote walimheshimu, wote walimpa chai, wote wakapata udhuru. Si kwamba walikuwa watu wa haki. Kila mmoja aliogopa kuwa ndiye wa kuinama. Akamwendea Gyanoba amwondoe Hausabai kwenye orodha. Gyanoba alikuwa kitandani anakunywa maji ya mchele. Akasema, "Patil, mimi nimempa zeze. Tumbo lilinisukuma, lakini mkono ulikuwa wangu. Kama kumpa kwangu si kitu, basi na nadhiri yako si kitu, maana ilipitia hapo."

Siku ya tano Hausabai akaja. Alikuwa ameoga mtoni, sari ya kijani iliyotiwa viraka, kavu. Mkononi alikuwa na mkanda mpya, mkonge uliosukwa na pamba ili usichubue, ameusokota usiku kucha kwa mkono mmoja na meno. Gyanoba akaufunga kwenye zeze akiwa amelivaa, kisha akampa. Akaimba nusu saa yake. Kijiji kizima kilikuwa kimejaa banda, hata wasioimba, hata Dagdu, amekaa ukingoni hajanywa.

Saa nne ikafika. Sahebrao akaja. Akasimama mbele yake.

Hapa lazima niseme kitu cha kwetu. Mkubwa akitaka kukuinamia, adabu ni kumdaka mabega: "Hapana, baba, hapana, unanitia dhambini." Basi yeye anakuwa ameonyesha unyenyekevu, na wewe umeonyesha heshima, na hakuna kichwa kilichofika popote. Mume wangu aliinama taratibu sana. Alikuwa anangoja mikono. Sisi sote tulikuwa tunaingoja. Na mikono ya Hausabai ilitoka, naapa, ilitoka kidogo. Kisha akairudisha, akashika zeze kwa yote miwili, akafumba macho akaimba.

Sahebrao akakuta hakuna wa kumzuia. Ikabidi afike. Akadonoa kama kuku, akainuka. Akavishwa. Na Hausabai akamwinamia mpaka chini, akakaa huko muda.

Siku ya sita hakudonoa. Siku ya saba alipoinuka, tulimwona na vumbi kwenye kipaji cha uso, hakulifuta. Mchana ule tulivunja chungu cha maziwa ya mgando na bisi za mtama, tukala wote kutoka kwenye chungu kimoja, kama inavyofanywa kwa Vithoba. Wachache walikwenda kula nyumbani. Mama mkwe wangu alikuwa mmoja wao.

Wasomi wakisikia kisa hiki hupenda niseme kwamba kuanzia hapo kijiji kikawa kimoja. Hakikuwa. Kisima kilichukua miaka mingine kumi na moja, na kilifunguliwa kwa amri ya serikali, si kwa nyimbo. Mikahawa miwili ya barabarani iliendelea kutenga vikombe. Lakini zamu ile inayoishia saa nne haikuondoka tena kwa Hausabai, miaka arobaini na minne, na kila mwaka mume wangu aliipokea kutoka kwake mpaka alipofariki. Hakuwahi kuizungumzia nyumbani. Mara moja tu, ugonjwani, alisema, "Yule mwanamke angenidaka mabega siku ile, ningemdharau maisha yangu yote."

Alipofariki, kamba za machela zilitoka kwa Hausabai. Hakutaka ujira.

Mwaka juzi mwezi wa mvua Hausabai alikuwa haoni vizuri, na mkono wa kushoto, uleule, haukupanda tena zaidi ya kifua. Akaja bandani akiongozwa na mjukuu wake Sindhu, muuguzi wa zahanati, amevaa shanga za mrehani juu ya sare yake. Anayepokea saa nne ikigonga siku hizi ni mwanangu Vilas, Patil wa sasa, kitambi mbele, simu mfukoni. Alikuwa ameshafika, anatazama saa.

Sindhu akainama, akagusa miguu ya bibi yake, aipokee zamu. Hausabai hakuwa na zeze shingoni. Alikuwa amekaa, kwa hiyo aliruhusiwa kusema, akasema tukasikia sote.

"Kabla hujaingiza shingo, utazame mkanda. Kila mwaka usokote mpya, usinunue dukani, wa dukani unakatikia ndani huuoni."

"Ndiyo, bibi."

"Huyo atakayekuja kupokea," akaelekeza kidevu upande wa Vilas, bila kumwona, "ni mtu mzuri, mama yangu alimkata kitovu baba yake. Atainama polepole. Mikono yako itataka kumzuia. Yangu ilitaka."

Sindhu akamtazama Vilas. Vilas akatazama simu.

"Usimzuie, mwanangu. Mwache afike. Akishafika, na wewe ushuke mpaka alipofika yeye, usipungue hata kidole. Kazi yako ni hiyo tu. Nyimbo unazijua. Haya, simama, zamu yetu imefika."